Unga Uliosimama

Mama yangu alikuwa Myao, na Myao wa zamani hatoki kwenda safari bila kuuliza unga. Baba alikuwa Mmakonde wa huku bondeni mwa Ruvuma, naye aliyacheka mambo hayo mpaka alipokwenda mahali bila kuuliza akarudi kabebwa, mguu umevunjika. Tangu hapo hakucheka tena. Katika nyumba ya namna hiyo ndimo nilimokulia.

Watu wa siku hizi wakisikia habari za ramli wanamfikiria mganga mwenye mkia wa nyumbu na hirizi mpaka vidoleni. Kwetu hapakuwa na mganga. Tuliuliza vyombo vyetu wenyewe, hivi hivi vya kupikia na kulimia. Kuku akipotea, mtoto alitema mate kiganjani akayapiga kwa kidole. Yaliporukia, huko ndiko alikokwenda kuku. Kitu kikiibwa, bibi alitundika ungo kwa uzi mmoja akataja majina ya watu polepole, na ungo ukizunguka kwa jina lako basi una la kueleza. Mgonjwa akiwa hajulikani anaumwa nini, mtu mzima alichukua mpini wa jembe akausugua mchangani huku anataja sababu moja baada ya nyingine. Mpini ukinata, usiende mbele wala kurudi nyuma, hiyo ndiyo sababu.

Mimi mpini sikuuamini sana. Anayesugua ana mkono, na mkono una chuki zake. Unga niliuamini. Unga ukishaumimina na kuufunika, wewe unakwenda zako kulala, wenyewe unabaki na shughuli yake.

Unafanywa hivi. Unatwanga mtama, si muhogo, kwa maana unga wa muhogo unashikana wenyewe kama uongo. Unachekecha mpaka uwe laini. Jioni, kabla ya magharibi, unageuza ungo mgongo juu, unachota unga kwa vidole vitatu na kuumimina mahali pamoja, taratibu, bila kuupapasa, mpaka ufanye kichuguu chenye ncha. Unapomimina unamwita kwa jina lake yule anayetaka kusafiri. Kisha unaufunika kwa chungu. Alfajiri unafunua. Ukikuta ncha imesimama kama ulivyoiacha, mtu afunge mzigo. Ukikuta umemeguka ubavu au umeporomoka, akae nyumbani, hata kama wenzake wameshatangulia. Unga wenyewe hautupwi. Unapikwa uji, wanapewa watoto.

Nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Wengine Mungu aliwachukua wakiwa wadogo. Baba yake naye alikufa mapema, kwa hiyo huyu alikuwa mtoto wangu na mzee wangu wa nyumba kwa pamoja. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, anacheka kabla hujamaliza kusema. Vita vya ng'ambo vilipotulia, vijana wa huku Mahurunga walianza kuvuka mto kwenda Msumbiji na biashara ndogo ndogo, sabuni, chumvi, vitenge. Huko hakukuwa na kitu. Walikuwa wakirudi na samaki wakavu na mikeka. Mwanangu naye alianza, na kila alipotaka kuvuka niliuliza unga.

Alikuwa ananitania. "Mama, leo unga unasemaje, niende au nikusaidie kubangua korosho?"

"Unasema uende, lakini urudi na adabu."

"Adabu ng'ambo wameshaimaliza, nitakuletea samaki."

Alioa msichana wa Mpapura. Watu wake ni Wamakua waliohamia huko zamani kufuata mashamba ya mikorosho. Mwembamba, mkimya, mkono mwepesi kwenye kinu. Kwa desturi ya huku mume ndiye anayekwenda kukaa kwa wakwe, na mtoto ni wa ukoo wa mama. Lakini mwanangu alikataa kuniacha peke yangu, akawaomba wakwe zake, nao walikuwa waungwana wakamruhusu mkewe aje kwangu. Walisema neno moja tu: "Tumekuazima." Mwaka uliofuata akazaa mtoto wa kike. Mimi nilikwishaona watoto wengi, lakini yule alitoka na macho yake wazi kama mtu aliyekuja kukagua nyumba. Nikasema, huyu ni wangu. Mkamwana wangu akainamisha uso. Kwao neno hilo si la mama wa mume, ni la mama wa mke. Nilijua, nikalisema hivyo hivyo.

Mtoto alipoanza kutambaa, mwanangu akasema anavuka tena. Nikamimina unga. Asubuhi nikafunua, umesimama, ncha kali kama ya sindano. Akafunga mzigo wake akaenda, na wenzake.

Wenzake walirudi. Walikuja kwangu wakakaa ukumbini, kofia mikononi. Walisema waliachana naye njia panda. Wao walitaka kurudi, yeye alisikia kuna mahali mbele watu wanachimba mawe ya thamani, akasema anakwenda kuangalia tu. Walimngoja, hakutokea. Mmoja akataja habari za mabomu yaliyofukiwa njiani wakati wa vita, mwenzake akamkanyaga mguu akanyamaza. Niliona. Nikawapikia, wakala, wakaenda.

Siku zikapita, mvua zikanyesha, mto ukajaa, tukasema ndiyo maana hajavuka. Mto ukapungua mpaka mchanga ukaonekana katikati, watu wakawa wanavuka kwa miguu, maji yanaishia magotini. Hakuja. Ndipo nikachukua ungo wangu.

Mama alinifundisha kwamba mtu akiwa yuko njiani tayari, unga hauulizwi tena kama aende. Unaulizwa kama bado anatembea. Unamwita vile vile, unaufunika vile vile. Ukisimama, yeye naye yuko wima mahali. Ukiporomoka, uvue kilemba ukae chini. Jioni ile mkamwana wangu alikuwa ameketi kizingitini, mtoto ananyonya. Nilimimina unga nikamwita mwanangu kwa jina lake alilopewa, na jina la jando, na jina la baba yake. Nilipoinua uso nikamwona mwenzangu ananitazama amekauka, mkono mdomoni. Nikasema moyoni, anaogopa, bado mtoto.

Alfajiri nilifunua chungu. Umesimama. Hata chembe haikushuka. Nilitoka uani nikapiga kigelegele, majirani wakachungulia.

"Umesimama," nikamwambia mkamwana wangu. "Umeona mwenyewe? Umesimama."

"Nimeona, mama."

"Basi furahi."

Aliingia ndani. Nilisikia analia, nikajua ni furaha. Nikapika uji wa unga ule. Yeye hakunywa. Nikamchotea mtoto kwa kijiko, mama yake akaja akamchukua mikononi mwangu taratibu, kwa adabu zake zote, akasema, "Mama, huyu asinywe huu." Nikakasirika. Nikamwuliza uji wangu una nini, una mchanga? Akasema hauna kitu. Basi nikaunywa wote mimi, sufuria nzima, mbele yake, kwa hasira.

Tangu siku ile mke wa mwanangu alibadilika. Aliacha kusuka. Nywele zikawa zimemsimama kichwani kama nyasi za juu ya paa. Vitenge vyake vizuri, alivyoletewa na mumewe, alivikunja akavitia kapuni, akawa anavaa kaniki ile ile, anafua usiku, anavaa asubuhi. Kisimani alikwenda wakati watu wameshaondoka. Palipokuwa na ngoma ya unyago, yeye hakuonekana. Mafuta hakupaka, wanja hakupaka, hata dirishani hakusimama.

Mimi si mtu wa kukaa na jambo rohoni. Nilimwambia waziwazi. "Mwanangu akitokea leo pale njiani atakukuta hivyo? Atadhani amekosea nyumba."

"Nisamehe, mama."

"Mwanamke mwenye mume hai hakai hivyo. Unamchuria mume wako."

"Nisamehe, mama."

"Hiyo nisamehe unayo gunia zima? Kasuke."

Hakwenda kusuka. Jirani yangu mmoja, mwanamke mwenye ulimi, akaniambia mbele ya watu, "Mkweo wa nyumbani siku hizi ni kizuka." Kizuka ni mjane aliyekaa eda, aliyefungiwa ndani na huzuni yake. Nikamjibu kwamba kizuka ni yeye, mume wake anakula kwa mwanamke mwingine na bado anapumua. Watu wakacheka, nami nikacheka, tukaachana. Lakini neno lile lilinikaa.

Nikaendelea kuuliza unga. Si kila siku, unga si mtu wa kusumbuliwa. Nilipozidiwa tu. Chungu kilipasuka nikatumia bakuli la bati. Na unga ulikuwa unasimama. Kila nilipofunua, umesimama. Nilikuwa natembea njia nzima ya kwenda shamba najisikia kama nimebebwa, narudi nikiimba. Nyumbani nakuta mwenzangu amekunja uso, anatwanga.

Halafu asubuhi moja, bila sababu niliyoijua, akaoga mapema, akafua kila alichokuwa nacho, akafagia nyumba mpaka uvunguni, akavaa kitenge. Kaniki ile alimpa bibi mmoja maskini wa jirani. Mchana akaniambia anakwenda kusuka. Nikamshukuru Mungu. Nikasema, amepata akili. Nilimchinjia jogoo. Tulikula pamoja na mtoto, na yeye akanitazama kwa namna ya mtu anayetaka kusema kitu, kisha akamwondolea mtoto mifupa kwenye sahani.

Miaka ilikwenda. Mtoto akakua, akawa ananifuata kila niendako, ananisahihisha ninavyosema Kiswahili. Mikorosho ikazaa, ikapumzika, ikazaa. Habari kutoka ng'ambo hazikuja. Kaka yangu, mjomba wa mwanangu, ndiye mwenye sauti ya ukoo wetu, akaanza kunijia na shehe wetu. Walikuwa wanaanza mbali, wanasifia mabibo, wanauliza bei ya salfa ya kupulizia mikorosho, kisha wanafika.

"Dada," kaka alisema, "mtoto wetu tumemngoja. Sasa tumsalie."

"Asaliwe aliyekufa."

"Una habari zake?"

"Unga unasimama."

Kaka akashusha pumzi. "Dada, unga si redio."

Shehe alikuwa mtu mpole, mcheshi. Akasema, "Bibi, unga ni wa kusonga ugali. Tena ukiusonga vizuri mimi nitakaa hapa mpaka uive. Lakini kuna mwanamke humu ndani. Dini inamtazama na yeye. Mume aliyepotea ana muda wa kungojwa, na muda huo umepita. Wewe mama ukisema, sisi tutasali, yeye atakaa eda, atakuwa huru. Hatutaki kulifanya juu ya kichwa chako."

Nikawaambia ugali uko tayari, na maneno yameisha. Wakala. Hawakunilazimisha. Huko ndiko kuheshimiwa kulikoniponza, maana laiti wangenilazimisha ningewachukia na mambo yangekwisha.

Niseme wazi nilichokuwa nakishika. Nikisema mwanangu amekufa, simpotezi yeye peke yake. Mkamwana wangu ni wa kuazimwa, aliazimwa kwa mtu aliye hai. Na mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Neno moja likinitoka mdomoni, nyumba nzima inasimama na kuondoka, nabaki na mikorosho. Kwa hiyo nililibana.

Mwaka wa neema ya korosho, mjomba wa mkamwana wangu alikuja kutoka Mpapura. Mtu mzima, amevaa kanzu safi, amekuja na mpunga. Alikaa, akala, akaniuliza afya yangu kiungo kwa kiungo. Kisha akasema kuna mtu, fundi seremala wa Mikindani, aliyefiwa na mke, mtu wa msikitini, alimwona binti yao huko Mpapura binti alipokwenda kuwasalimu, naye anamtaka kwa ndoa. "Tumekuja kwako kwanza," akasema, "maana wewe ndiye mama yake hapa."

Niliona giza. Nikasema, "Huyu ni mke wa mtu."

Yule mzee akanitazama kama aliyesikia lugha ya kigeni. "Mke wa nani, mama?"

"Mke wa mwanangu."

Akageuza uso kumtafuta mpwa wake. Alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Mzee akanawa mikono aliyokwisha kuinawa, akaaga kwa heshima, akasema atarudi tukiwa tumezungumza wenyewe.

Alipoondoka nikamwita mkamwana wangu. Tulikuwa na korosho za kubangua, tukakaa pale pale uani, moto wa kuchomea katikati yetu, vidole vyeusi kwa mafuta yake. Mtoto alikuwa madrasa.

"Umemwambia nini mjomba wako?" nikamwuliza.

"Sikumwambia kitu, mama. Wao wanajua."

"Wanajua nini?"

"Kwamba nilifiwa."

"Ulifiwa na nani? Nani alikuambia umefiwa?"

Akaweka jiwe lake la kubangulia chini. "Wewe, mama."

Nilidhani ananifanyia stihizai. Nilikwishafungua kinywa kumtukana. Lakini aliponitazama niliona hana ubaya wowote usoni, ana mshangao tu, kama mtoto anayeulizwa jina la baba yake na baba yake mwenyewe.

"Mimi nilikuambia lini?"

"Siku ulipomwita kwenye unga."

Yeye akaendelea, polepole, anachagua maneno. Alisema kwao Wamakua unga wa kumiminwa ni wa marehemu. Mtu hai hamiminiwi. Msiba ukitokea, mkubwa wa nyumba anachota unga wa mtama, anamwita aliyekufa kwa majina yake yote ili aje aupokee, ajue amekumbukwa. Asubuhi unatazamwa. Ukiwa umeanguka, amekataa, ana kinyongo, atafutwe kilichomuudhi. Ukiwa umesimama, ameupokea na amefika kwa wenzake salama. Uji wa unga ule hanywi mtoto wala mke, ni chakula cha huko.

"Nilikuwa nimekaa kizingitini," akasema, "nikakusikia unamwita. Jina lake, na jina la jando, na la baba yake. Nikajua umepata habari, umeshindwa kunitamkia, umeitamka kwenye unga. Na asubuhi ukaniambia umesimama, nifurahi. Nikasema, mama ana moyo. Mtoto wake wa pekee, naye anafurahi kwamba amefika salama."

"Ukaingia ndani ukalia."

"Nikaingia ndani nikalia."

"Na zile nywele?"

"Nilikuwa eda, mama. Nilikaa mpaka ikaisha. Nikaoga, nikatoa kaniki. Ukanichinjia jogoo, nikasema, sasa mama ananitoa kizuka."

Moto ulikuwa unarusha cheche, korosho zinapasuka. Nikamwuliza jambo lililokuwa linanichoma kuliko yote. Nikamwuliza, "Nilipokuwa nakukaripia, nakwambia una mume hai, ulidhani nasema nini?"

Akafikiri. "Nilidhani ndivyo unavyolia. Kila mtu analia kwa namna yake. Nikasema nisikujibu, wewe uchungu wako mkubwa kuliko wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mama? Mtu hampi habari ya msiba yule aliyempa yeye."

Nilisimama nikaenda nyuma ya nyumba. Huko nilikaa juu ya kinu kilicholazwa mpaka mtoto aliporudi madrasa akaniita ndani. Sikuwa nalia. Nilikuwa naangalia zile asubuhi zote, mimi natoka uani na kigelegele, yeye anaingia ndani kulia, na unga ni ule ule, ungo mmoja, tumesimama bega kwa bega tunautazama wote wawili. Sikuwa nimekosea. Niliusoma kama nilivyofundishwa na mama. Naye hakukosea, aliusoma kama alivyofundishwa na wa kwao. Na unga ulimjibu nani kati yetu, hilo mpaka leo sijui. Lakini nilijua jambo moja. Mwanamke yule alimlilia mwanangu, akamkalia eda, akamzika moyoni peke yake, bila mtu wa kumshika bega, huku mimi namwambia akasuke.

Sikulala na jambo lile siku nyingi. Nilikwenda kwa kaka yangu. Nilimkuta anapasua kuni. Nikasema, "Mwiteni shehe. Mwanangu amekufa."

Kaka aliacha shoka limekwama kwenye gogo. "Umepata habari?"

"Nimepata."

"Kutoka wapi?"

"Nyumbani kwangu."

Hakuuliza zaidi. Alinishika mkono, na mimi kaka yangu hajanishika mkono tangu tukiwa watoto.

Wakamsalia, sala ya mtu asiyekuwepo, hakuna jeneza, hakuna sanda, wanaume wamepanga safu mbele ya mchanga mtupu. Wakasoma hitima. Watu walikuja mpaka wa Mpapura, hata yule jirani mwenye ulimi alikuja akapika, akaosha sufuria, hakusema neno. Nilikaa chini kwenye mkeka. Na shehe aliponijia habari za eda, nikamwambia huyu mwanamke ameshakaa, yote, nimeshuhudia kwa macho yangu.

Shehe akatikisa kichwa. "Alikaa kwa unga, bibi. Sasa akae kwa sheria."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa tayari kumtoa shehe nje. Mkamwana wangu akasema kutoka nyuma ya pazia, "Nitakaa."

Akakaa mara ya pili. Safari hii hakukaa peke yake. Mimi ndiye niliyemchotea maji, niliyempikia, niliyewafukuza waliokuja kuchungulia. Tulilala chumba kimoja, mtoto katikati. Ndipo aliponieleza habari za mwanangu nisizozijua, kwamba alikuwa anaogopa kiboko kuliko kitu chochote na kila alipofika mtoni alikuwa anafumba macho mpaka mtumbwi uguse upande wa pili. Kwangu mimi alikuwa akijigamba kwamba kiboko anamfahamu kwa jina. Tulicheka mpaka mtoto akaamka akatuuliza tunacheka nini wakati kuna msiba.

Eda ilipoisha, niliposikia anaoga, nilikuwa nimeshamtolea vitenge vyake kapuni. Nilimsuka mwenyewe. Mkono wangu haukuwa mwepesi, mistari ilikwenda upande, akajitazama kwenye kioo akasema, "Mama, fundi wa Mikindani atanikimbia." Nikamwambia akikimbia kwa nywele, huyo si fundi.

Walikuja kumchukua watu wake, kama desturi. Walinishukuru kwa kumtunza mtoto wao. Nilisema nanyi asanteni kwa kuniazima. Mjukuu wangu alikuwa amevaa viatu vipya, vinambana, ana haraka ya kupanda gari la mizigo lililokuwa linakwenda mjini na magunia. Hakulia. Nilimpenda kwa kutokulia kwake. Gari lilipozunguka kona nilirudi ndani nikafagia, na nilipomaliza kufagia nikafagia tena.

Sasa anakuja likizo. Amekuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na shuleni kwao wanamsifu, nami natembea naye kijijini nikimwonyesha kama mtu aliyenunua baiskeli. Baba yake wa Mikindani anamlea vizuri, sina neno baya juu yake. Likizo moja alikuja akiwa amepata akili ya kikubwa. Asubuhi ya Ijumaa alivaa hijabu yake nyeupe akanijia jikoni.

"Bibi, wenzangu madrasa wanakwenda kuwasomea baba zao makaburini. Kaburi la baba liko wapi?"

"Hana."

"Hana kabisa?"

"Hana. Hatukumpata."

Alisimama akifikiri. Mama yake angefikiri hivyo hivyo, uso umetulia, macho chini. "Basi nimsomee wapi?"

Nilitaka kumwambia akasomee mtoni. Kisha nikaona mto utamtia hofu bure. Nikaepua sufuria motoni, nikatandika mkeka pale pale kwenye sakafu ya jikoni, kati ya kinu na mtungi.

"Hapa," nikasema. "Alikuwa anakaa hapa akinitania. Kaa."

Akakaa, akakunja miguu, akasoma. Alisoma vizuri, bila kubabaika, kwa sauti nyembamba yenye nguvu. Nusu ya maneno yale mimi siyajui. Nilikaa ubavuni mwake, kila aliposhusha pumzi nikaitikia amina.